Fulana ya Mzazi Mwezeshaji

Jumamosi, 10 Mei

Kikundi cha wazazi leo, ukumbi wa kanisa, hapa Kalangalala. Sote tuna watoto wa aina moja: hawatulii, hawamalizi walichoanza, wanadakia maneno ya watu. Daktari ana jina refu la hali hiyo. Mama Masudi, anayetuongoza, hana majina marefu. Ni mzazi kama sisi, anauza dagaa sokoni, na Masudi wake aliwahi kupanda juu ya paa la shule katikati ya mtihani. Alifundishwa na wazazi wenzake, sasa anatufundisha sisi. Wangu mimi ni Noela, darasa la pili.

Nilimdakia Mama Masudi mara kadhaa, kwa nia njema. Alisema kwa upole kwamba pengine hali hii hutembea kwenye ukoo, na mzazi naye anakuwa nayo bila kujua. Nikamtazama mke wangu Violeth kwa huruma.

Halafu, habari kubwa! Anatafutwa mzazi mwingine wa kuongoza. Ataenda Shinyanga kwenye mafunzo, atalala hotelini, atapewa fulana. Mgongoni: MZAZI MWEZESHAJI. Mimi ni dalali wa viwanja. Mtu mwenye fulana kama ile, nani atamuuliza habari za hati?

Mpinzani ni mmoja tu. Ngassa, mchimbaji, mwili mkubwa, sauti ndogo. Hasemi kitu. Anasikiliza tu. Mbinu chafu kabisa.

Jumatatu, 12 Mei

Alhamisi Mama Masudi atakuja nyumbani kuona ninavyozungumza na mtoto. Somo tulishapewa. Unamsogelea mtoto, unamwita kwa jina, unampa agizo moja, fupi. Akitii, unamsifu palepale. Tena kila siku mcheze kidogo, na mchezo achague yeye. Violeth hufanya hayo yote. Mimi husimamia.

Leo nimejaribu mwenyewe. Nilimwambia Noela avue sare, anawe, ale, afanye hesabu, asimguse paka. Akamgusa paka. Yale mengine sijui yalipotelea wapi. Nikaenda kumtafutia kandambili, nikaiona simu yangu niliyoisaka tangu jana, nikampigia mteja, wali ukaungua. Nimemkaripia Noela kwa kunichanganya.

Jumatano, 14 Mei

Violeth amekwenda Didia, mama yake anavuna mpunga. Atarudi Jumamosi asubuhi. Nimebaki peke yangu na mtoto asiyekaa. Na kesho ndiyo ukaguzi!

Wazo! Kwenye udalali, mteja humpeleki kwenye kiwanja chenye makorongo. Unamwonyesha cha jirani kilicho tambarare, mengine mtaongea mbele ya safari. Jirani yangu Lusia, fundi cherehani, ana binti wa umri uleule, Eunice. Huyo akikaa amekaa, unaweza kumwekea glasi ya maji kichwani. Mama Masudi hajawahi kumwona Noela, watoto hawaji kwenye kikundi. Basi kesho Eunice atakaa kwangu, Noela atakaa kwa Lusia.

Nimemwambia Lusia nina wageni wanaopenda kimya, tubadilishane watoto kwa muda. Lusia akasema Mungu anaona. Nikamjibu kwamba hilo halina ubishi.

Alhamisi, 15 Mei

Mama Masudi alikuja baada ya shule, na Ngassa nyuma yake. Eti tujifunze mmoja kwa mwingine. Eunice kwenye kiti, mikono mapajani, gauni la Noela. Kama picha! Nikawaambia ni matunda ya uvumilivu wangu.

Mama Masudi akaniomba nitoe agizo moja, kama tulivyofundishwa. Nikasogea. Nikalegeza sauti.

“Noela.”

Eunice hakugeuka. Nikaita tena, kwa upole zaidi, kwa sauti ya juu kidogo.

“Abee, baba!”

Jibu lilitoka ng'ambo ya ukuta. Halafu vishindo, halafu Noela mwenyewe mlangoni, anahema, futi ya kupimia nguo ya Lusia shingoni, miguu peku. Hajawahi kuitika haraka vile. Mama Masudi akauliza huyu ni nani.

“Huyu? Wa jirani,” nikasema.

“Mimi?” Noela akauliza.

“Ndiyo. Rudi kwenu.”

Akanitazama. Akamtazama Eunice ndani ya gauni lake. Hakuruka, hakugusa kitu. Alisimama kimya kabisa, jambo nililoliomba kwa Mungu miaka yote, na sikulipenda hata kidogo. Kisha akatoka, akitembea polepole.

Eunice akanigeukia. “Baba Noela, naomba niende. Nimechoka kuwa Noela.”

Ngassa aliangalia buti zake. Mama Masudi akanyanyuka.

“Yule mtoto ameitwa, akaja mbio,” alisema. “Hujamsifu.”

Jioni nikaenda kumchukua Noela. Alikuwa nyuma ya pazia la Lusia. Akatoa kichwa.

“Shikamoo, Baba Noela.”

“Marahaba,” nikajibu, kwa mazoea. Hapakuwa mahali pa marahaba. Amelala kwa Lusia.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepeleka soda. Imenyweka, mtoto haji. Nimepeleka mwanasesere. Amemshukuru Baba Noela, amebaki kulekule. Kesho Violeth anarudi!

Nikamfuata Mama Masudi sokoni. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alikuwa anamfungia mteja mwingine dagaa, nikasubiri, nikaondoka, nikarudi. Akaniambia nisimwamuru na nisimpe chochote. Nikakae alipo, nicheze anachocheza. Ikipatikana nafasi, nimwambie kweli.

Noela alikuwa kwa Lusia, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nikaingia. Mgongo wangu! Akaniambia mchezo ni huu: yeye ni mama, mimi ni mtoto.

“Unaitwa nani?”

“Herman.”

“Herman, kaa chini.”

Nikakaa.

“Umekaa vizuri, Herman.”

Ajabu, nilifurahi. Simu ikalia, mkono ukaenda wenyewe. “Herman, simu baadaye.” Nikaiacha iite. Alikuwa mteja wa kiwanja cha Nyasubi kule Kahama, nimemkosa. Tulishona magunia ya hewa, tukapika vipande vya vitenge. Kisha nikamwambia.

“Jana nilisema uongo. Wewe ni mtoto wangu. Nilikuwa nataka fulana.”

Akafikiri. “Ya rangi gani?”

“Kijani.”

“Ungeniambia tu. Ningekaa.”

“Usingeweza, mama.”

“Ningejaribu.”

Machozi yalinitoka. Vitambaa vya Lusia vina vumbi sana. Amerudi nyumbani mgongoni kwangu, akinipiga mateke ya mbavu kama napelekwa mnadani.

Jumamosi, 17 Mei

Violeth amepata habari zote kwa Lusia kabla hajatua begi. Aliyoniambia siyaandiki, karatasi haina kosa.

Uchaguzi. Wakaulizwa wanaomtaka Ngassa wanyooshe mikono. Mikono yote juu! Hata wa Violeth. Hata wangu, nilitaka kuuliza swali, wakanihesabu. Ngassa kavaa fulana, imembana. Hakutoa hata hotuba. Alisema tu “asanteni,” akakaa.

Halafu Mama Masudi akanong'ona, akaniomba niwasimulie mambo ya chini ya meza. Nikawasimulia, pamoja na kosa. Mama mmoja akalia. Watu wakapiga makofi, na Ngassa akanishika mikono yote miwili, akasema leo nimemfundisha. Violeth akaacha kuninunia, kwa muda.

Jumapili, 18 Mei

Ibada ilikuwa ndefu, nimepata nafasi ya kutafakari. Makofi yale yalitokana na nini? Siyo kucheza. Violeth anacheza kila siku, hakuna anayempigia. Siyo kusikiliza. Ngassa kasikiliza miezi yote, aliyemlilia hayupo. Makofi yalitoka kwenye kosa, na msamaha baada yake. Ngassa hana hata kosa moja. Nimempita mbali!

Mwakani watachagua mwezeshaji mwingine. Mpango uko tayari. Kikao kijacho nitakwenda na Noela, nitamkosea mbele za watu, kidogo tu, lakini waone mpaka viti vya nyuma. Kisha magoti chini. Noela amekubali, ila anataka kuanguka kabisa na kuzimia. Nimemwambia tusizidishe.

Kilichobaki ni kuchagua kosa.