Nani Ananyonya Betri Yangu?

Jumatatu, 9 Juni
Nimefunga waya wa chaji mwenyewe. Moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki! Simu iko juu ya usukani, ramani inawaka, mwanga hadi mwisho. Mwenye duka la dawa anatafuta msambazaji mmoja wa kudumu, na Ijumaa atachagua kati yangu na shemeji, kaka wa mke wangu. Simu ya shemeji inakaa mfukoni. Njia anaisikiliza sikioni. Mtu wa kuficha simu hivyo ana lake jambo.

Jumanne, 10 Juni
Nimepeleka dawa zahanati, nikasubirishwa hadi mchana. Natoka, nabonyeza stata. Kimya! Betri imekauka. Simu niliyoiacha kwenye chaji ina asilimia mia, kwa hiyo simu haina hatia. Mara shemeji huyo, anauliza kama nahitaji msaada. Alijuaje?
Fundi kaichaji betri, kisha akadai kosa ni langu: waya upite kwenye swichi, nikizima pikipiki na chaji ikatike. Nikamuuliza katumwa na nani. Akacheka. Jioni nikamkuta anakunywa chai na shemeji. Basi, nimeelewa.

Jumatano, 11 Juni
Mtego! Nimeegesha zahanati palepale, simu nimeifunga kwa mnyororo, inarekodi video. Nimeiacha kwenye chaji isije ikazimika kabla ya mwizi kufika.
Betri imekufa tena. Video nimeitazama yote: mlinzi anapiga miayo, kuku anapita, shemeji anapunga mkono akiwa mbali. Kumbe ananyonya bila kugusa! Mke wangu kasema huenda ni hiyo video. Nimemwambia damu nzito, amtetee tu kaka yake.

Ijumaa, 13 Juni
Siku yenyewe. Dawa za kituo kipya, kila mmoja na mzigo wake, mwisho saa sita. Nilimtangulia shemeji mbali, nikaketi kunywa chai kwa raha, simu ikilinda pikipiki. Kurudi, kimya. Nilibonyeza stata mpaka kidole kikauma. Kazi hii niliitaka jamani, nilishamwahidi mke wangu kwamba kubahatisha kumekwisha.
Shemeji akatokea. Kapakia mzigo wangu juu ya wake, kafikisha kwa wakati, karudi na kamba kunivuta. Kazi kapewa yeye. Tena kaniombea niwe nashika zamu siku zake za mapumziko. Nilikaribia kulia. Wema wote huu, anataka nini?

Jumamosi, 14 Juni
Shemeji kaleta zawadi: swichi mpya na waya wake. Nimeitia kwenye ndoo ya maji, isije ikawa na kinasa sauti.
Zamu yangu ya kwanza ni Jumatatu, na safari hii hanipati. Nimenunua simu ya pili, kazi yake kuilinda ya kwanza. Zote mbili nimezichomeka kwenye betri.