Molekuli Yangu ya Mkia wa Kondoo

Jumatatu, 10 Juni 2013. Lodwar.
Asubuhi vumbi, upepo wa kusini, wingu moja. Limepita.

Madam Abei, mwalimu mkuu, ametuita mimi na Kipkemboi. Sote ni wasaidizi wa muda wa maabara; nafasi ya kudumu ni moja tu. Ataipata atakayefanya jaribio bora Ijumaa, kwenye maonyesho ya shule kule Kakuma. Kipkemboi amenipa mkono, kanitakia heri. Mnafiki!

Mpango ninao. Kuna makala niliyoitoa mtandaoni pale saiba: wanasayansi wanaunda molekuli za kuvusha anioni, yaani chembe zenye chaji hasi, kama kloridi ya kwenye chumvi. Utando wa seli ni mafuta, na kloridi peke yake hukwama hapo. Molekuli inatakiwa iwe na mikono ya kuishika na koti la mafuta la kupenya nalo. Mikono: urea. Tunayo kwenye mbolea ya bustani! Koti: mafuta ya mkia wa kondoo. Ajabu Ulaya hawajaliona hili.

Jumanne, 11 Juni.
Joto tangu alfajiri. Nimenunua mkia, na utumbo wa kutumika kama utando, kwa Hersi, muuza nyama. Akauliza dada anapika nini leo. Nikamwambia molekuli. Akasema hiyo hajawahi kuila, ila nisizidishe chumvi.

Nimeyeyusha mafuta, nikatia urea, nikakoroga mara sitini, zote kuelekea kulia. Molekuli imezaliwa saa nne na dakika ishirini. Inanuka kidogo.

Jumatano, 12 Juni.
Jua, hakuna upepo. Kipkemboi atapima chumvi ya maji ya visima: Lokitaung, Kerio, Kaikor. Maskini, visima! Ila ili alinganishe anahitaji maji ya maabara, yale yasiyo na chumvi hata chembe, na dumu ni moja. Nimelificha stoo, chini ya magunia ya maharage. Akaniuliza kwa adabu kama nimeliona. Nikasema labda mlinzi alishikwa na kiu.

Kisha zamu yangu. Utumbo nimeupaka molekuli, nikaujaza maji ya chumvi, nikaufunga, nikautumbukiza kwenye glasi ya maji ya maabara. Yaani ningeutumbukiza. Mpishi alikuwa amekalia yale magunia, anachambua maharage, haondoki! Nikachota ya bomba. Maji ni maji.

Nikadondosha nitrati ya fedha, dawa inayogeuka nyeupe ikikutana na kloridi. Nyeupe kama maziwa, papo hapo! Makala inasema saa kadhaa. Yangu: sekunde moja! Nimemkumbatia mpishi. Nimerudia mara kumi na nne, kwa furaha tu. Chupa karibu iishe, imebaki ya kutosha Ijumaa tu.

Alhamisi, 13 Juni.
Joto. Vidole vyangu vyote vimekuwa vyeusi kwa ile nitrati, weusi hautoki kwa sabuni. Mpishi amelipata dumu, kapikia maharage. Kipkemboi anachemsha maji kwenye sufuria na kukinga mvuke kwa mfuniko, tone kwa tone, eti apate maji yasiyo na chumvi. Nimecheka hadi nikakaa chini.

Ijumaa, 14 Juni. Kakuma.
Wingu jembamba, halikusaidia. Watu wamejaa. Salamu za Kiturkana kila upande: ejok, ejok! Nikaonyesha: nyeupe! Makofi! Nikainama mara tatu.

Kisha Nyariek, mwanafunzi wa kambi ya wakimbizi, kidato cha pili, akasema dada, hebu weka dawa kwenye maji ya bomba matupu kwanza. Nikamwambia mdogo wangu, hii ni sayansi ya juu. Akaidondosha mwenyewe kwenye jagi langu la maji ya bomba. Nyeupe! Mzee mmoja akasema basi bomba lenu nalo lina mkia. Uwanja mzima ukacheka. Kwa Kipkemboi, maji ya sufuria yakatiwa dawa ile ile, yakabaki maangavu kama kioo.

Madam Abei akauliza nani aliyemaliza nitrati ya fedha. Nikainua mikono yote miwili kuapa si mimi. Vidole kumi, vyeusi tii.

Nafasi ni ya Kipkemboi. Mimi kuanzia Jumatatu ni maktaba.

Njiani kurudi Lodwar nimelia hadi katikati ya safari. Hapo ndipo nikafikiri. Kloridi iliingiaje kwenye jagi? Lilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye utumbo wangu! Molekuli haikuvuka utando tu, imevuka hewa! Na hakuna aliyeona, wamekazana kucheka!

Maktaba ina mlango wa kufunga na haina Kipkemboi. Kesho kwa Hersi, mikia miwili. Nalala sasa, saa tatu na dakika tano.