Kibodi Iliyokataa Hasara

Kabla hajafungua fremu yake, chumba chake cha duka, asubuhi hiyo, Safari Mbaruku alisikia katika duka la jirani mtu akiipiga kibodi makofi. Moyo wake ukafurahi. Mtu anayeupiga mtambo makofi ni mtu aliye tayari kumsikiliza yeyote.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, na makontena bandarini yakawa yanatapika kila kitu ambacho zamani tulikiona kwenye picha. Kompyuta zilifika Kariakoo kabla ya watu wanaozijua. Katika mwanya huo, kati ya mtambo na ujuzi wake, Safari alijenga maisha. Alikuwa na tai, mkoba, bisibisi, na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo, alichokikuta sokoni Mchikichini ndani ya mfuko wa koti jeupe la mtumba. Mtaa wa Tandamti ulimwita Injinia, na hakuna chuo kilichowahi kulalamika.

Katika mali yake yote, kitu kimoja tu kilikuja kwa njia ya halali: ile fremu. Aliachiwa na marehemu baba yake, fundi cherehani. Jirani yake Jayant, muuza vitenge wa jumla, alikuwa akiitaka tangu siku ya arobaini, avunje ukuta apanue duka. Kila akiiomba, Safari humjibu, "Bosi, omba figo, tutaongea."

"Shikamoo, Bosi," Safari alisema akiingia. "Mgonjwa kafanya nini?"

"Marahaba. Inakata, Injinia! Naandika vizuri, mara herufi haziji. Nachomoa waya, nachomeka, inakubali. Kidogo tu, inakata tena. Alikuja fundi wa Posta, akasema umeme mdogo. Akaja mwingine, akasema umeme mkubwa."

"Mama Tushar naye anasemaje?"

Anjana, mke wa Jayant, alikuwa amesimama kando ya kompyuta, akichezea kishada cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwa sari yake. Wanawake wa kwao walikivaa hivyo tangu enzi za bibi zake: ufunguo wa stoo, wa kabati, wa droo, na nyingine ndogo ambazo hakuna aliyejua zinafungua nini.

"Mimi nasema chai inapoa," akajibu.

Hapo akaingia Bi Kuruthumu, mchuuzi wa Buguruni, mwanamke ambaye wenye maduka walimwona kwa mbali wakatamani kufunga. Alichagua vitenge vyake, akavipanga, akakohoa.

"Baba Tushar, mzigo wote huu, hunipunguzii?"

"Mama, bei ya mwisho hiyo."

"Ya mwisho kwa nani? Mimi ndiyo kwanza nimeanza."

Jayant alikuwa na desturi yake. Akiombwa kupunguza, mwili wote ulikataa: aliuinua mguu wa kulia, akaukunja juu ya kiti kama aliyeketi mkekani, akawa anausugua unyayo kwa uchungu. Waya wa kibodi ulipita chini ya meza, ukakizunguka kifundo cha mguu ule. Mguu ukapanda. Waya ukavutika. Nyuma ya mtambo, plagi ikalegea.

"Umeona? Imekata!" Jayant akapiga kelele, akibonyeza herufi za risiti.

Mtu mwaminifu angesema, "Bosi, ni mguu wako," angekunywa chai ile akaenda zake. Ndiyo maana waaminifu wengi huishia na chai. Safari alivaa kipimo chake masikioni, akakiweka juu ya kibodi, akafumba macho.

"Haiumwi," akasema. "Inakataa."

"Inakataa nini?"

"Hasara. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya benki, Bosi. Hapa imeingia kwa makosa ndani ya kontena. Ikisikia bei inataka kushuka chini ya haki, inakata."

"Haya," alisema Bi Kuruthumu, "leo nimeishi nikamwona fundi muongo kuliko nguo zake."

Lakini Jayant alikwisha shikwa. Akataka ushahidi, akapewa. Safari aliomba apunguziwe kitenge. Mguu ukapanda, herufi zikakata. Safari akasema analipa bei kamili. Mguu ukashuka kwa furaha, naye Safari akapitisha mkono nyuma ya mtambo kama anaubembeleza, akaisukuma plagi mahali pake. Herufi zikarudi. Jayant nusura abusu kibodi. Anjana alimtazama Safari kupitia kioo cha kabati la maonyesho, funguo zikilia taratibu.

Tangu hapo, kila Jumamosi Injinia alikuja kuituliza kibodi. Aliisikilizia moyo, akala kachori, akaondoka na kitambaa cha suruali kwapani. Jayant naye alinawiri. Mteja akiomba kupunguziwa, alinyoosha mikono kwa huzuni ya kweli: "Mama, siyo mimi. Kibodi imekataa." Na watu walilipa! Mtu waliyemzoea wangebishana naye mpaka adhuhuri, ila mtambo uliotoka ng'ambo waliuonea aibu.

Sifa zikafika bandarini. Bwana Onesphory, wakala wa forodha mwenye tumbo na pikapu, alikuja kujionea mwenyewe. Aliuona mguu ukipanda, lakini nani huchunguza mguu wa mwenzake? Alimvuta Safari pembeni.

"Ofisini kwangu wanaomba kupunguziwa tangu nafungua mpaka nafunga. Niletee hii. Pikapu yangu inakuwa yako."

"Naweza kukupatia ndugu yake, Mkuu, imetoka kiwanda hichohicho."

"Sitaki ndugu. Nataka hii hii. Na lazima ikate mbele yangu."

Safari hakulala vizuri. Kibodi bila mguu wa Jayant ilikuwa plastiki tu, alijua, maana uongo ule alikuwa ameuzaa yeye. Hata hivyo pikapu ilimpigia honi kichwani. Asubuhi alikwenda kuuliza bei, kwa kuuliza tu.

"Haiuzwi!" Jayant aliikumbatia. "Labda ununue watoto wangu kwanza."

"Inauzwa," alisema Anjana. "Kwa fremu."

Safari akacheka. "Mama Tushar, fremu ya marehemu kwa kibodi?"

"Huiamini? Si wewe uliyeipima?"

Akamwamuru mumewe ashushe miguu yote miwili sakafuni. Akautoa waya chini ya meza, akaulaza juu ambako kila mtu aliuona. Plagi akaifunga kwa uzi mwekundu mpaka isingetoka hata kwa ng'ombe. Halafu akasimama mahali pake pa siku zote, kando ya kompyuta, akichezea funguo zake.

"Omba upunguziwe, Injinia."

"Bosi," Safari alisema, "nipunguzie."

Jayant akabonyeza. Hakuna herufi.

Safari akachungulia mguu: uko chini. Waya: umelala. Plagi: imebana. "Nalipa kamili," akanong'ona. Herufi zikamiminika. Akarudia, ikakata. Akarudia tena, ikakata. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akisema kweli bila kujua! Huo ni mshtuko ambao muongo hana dawa yake.

Mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, Safari alikabidhi fremu ya baba yake, akapakata kibodi kama mtoto mchanga. Jayant alilia waziwazi.

Ofisini kwa Onesphory, katibu wake Candida aliichomeka akakaa tayari.

"Nipunguzie," alisema Safari kwa kujiamini.

Candida akaandika: *Nipunguzie.*

"Nipunguzie sana. Nipe bure!"

*Nipunguzie sana. Nipe bure!* Hata alama ya mshangao ilitoka.

Waliomba kwa upole, wakaomba kwa ukali, Onesphory mwenyewe akaomba mpaka sauti ikapotea, na Candida akayaandika yote bila kukosa herufi.

"Mkuu," Safari alisema akitokwa jasho, "hebu kunja mguu uuweke juu ya kiti."

"Niukunje?"

"Kama uko mkekani."

Onesphory akamwita mlinzi.

Safari aliporudi Tandamti, ukuta ulikuwa umekwisha bomolewa. Pale palipokuwa na cherehani ya baba yake palisimama majora ya vitenge mpaka darini. Juu ya meza kulikuwa na kibodi mpya, waya wake umepita chini ya meza kama zamani.

Anjana alimpokea kwa kikombe cha chai. Akachagua ufunguo mdogo kuliko zote kiunoni, akauchomeka kwenye kitundu kilichokuwa mbele kabisa ya kompyuta, akauzungusha.

"Sasa kibodi haiandiki," alimwambia kwa sauti ya chini. Akaurudisha. "Sasa inaandika. Ulikuja na kompyuta yenyewe, wa kuifungia. Jumamosi zote zile, Injinia, hukuwahi kuuliza kitundu hiki ni cha nini."

"Na mguu wake ulikuwa unaujua?"

"Ni mume wangu. Tangu harusini anaukunja. Lakini tangu uje wewe ameacha kuwapunguzia watu, basi nikauacha." Akaziachia funguo. "Ukitaka kumwambia, mwambie. Kwanza utamweleza ulikuwa unasikiliza nini na hicho kipimo."

Safari alitazama suruali yake, ambayo mlinzi wa Onesphory aliichana wakati wa kumsindikiza. Akachagua kitambaa cheusi, cha bei ya chini, kilichokunjwa mahali hasa baba yake alipokuwa akiketi.

"Bosi," alisema, "hiki kidogo tu. Kwa ujirani wetu. Nipunguzie."

Macho ya Jayant yalijaa huruma. Taratibu, mguu wa kulia ukapanda juu ya kiti. Akabonyeza herufi moja, akabonyeza nyingine, akanyoosha mikono.

"Injinia, rafiki yangu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Siyo mimi. Kibodi imekataa."