Matofali ya Thornwick

Kuna watu Mungu kawapa mashamba. Dorsey Pinkett alipewa masikio. Hata wiki hajamaliza Baltimore, kaketi sokoni anatafuna kababu ya kaa, akawasikia mafundi wawili wakisema kule Annapolis, makao makuu ya jimbo, waheshimiwa wamepitisha sheria: jimbo litamwaga mamilioni kukarabati shule za jiji, na imeundwa mamlaka ya kusimamia kila senti.

Dorsey akaacha kutafuna. Mwingine angesikia mamilioni. Yeye alisikia kusimamia. Maana penye msimamizi pana wanaomwogopa, na penye woga, jamani, hapakosi bahasha.

Akanunua helmeti nyeupe, kizibao cha mafundi chenye mistari ya kung'aa na ubao wa kubania karatasi. Karatasi zenyewe zilikuwa menyu za mkahawa wa Kichina, lakini nani humkagua mkaguzi? Sheria hakuisoma. Ina kurasa nyingi, na maisha ni mafupi.

Windo lake lilikuwa Wanda Jablonski, mwenye kampuni ya madirisha, mjane wa nywele zilizopandishwa juu kama mnara, anayemwita kila kiumbe mpenzi, hata askari anayemwandikia faini. Wanda alikuwa akiililia zabuni ya madirisha ya Sekondari ya Thornwick.

"Foleni ni ndefu, mama," Dorsey alimwambia ofisini kwake kwa sauti ya msibani, baada ya kujitambulisha kuwa mkaguzi wa mamlaka. "Ila anayeipanga ni mimi."

"Na wewe ukiipanga unakunywa nini, mpenzi?"

"Chai tu. Ya elfu kumi."

Wanda akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Haina neno. Kwani ulisoma shule gani?"

"Chuo kikuu, Philadelphia," Dorsey akajibu, kidevu juu. "Uhandisi."

Hapo ndipo alipojimaliza, maskini, wala hakujua. Baltimore ukiulizwa shule unataja sekondari, hata uwe na shahada tatu. Kwa jina hilo moja watu wanaujua mtaa wenu, kanisa lenu, na mjomba wako alifungwa kwa kosa gani. Anayetaja chuo ni wa kuja, na wa kuja hakabidhiwi shule za jiji.

Wanda hakupepesa jicho. "Elfu kumi utapata, mpenzi, ila si leo. Hela yangu imekaa pale." Akamwonyesha uani, paleti kwa paleti za matofali mekundu, makuukuu. "Ya Thornwick hayo. Waliosoma pale wanalia machozi kuyapata wayaweke sebuleni. Dola hamsini, moja. Jumapili wana karamu yao, na mimi mgongo huu, nitazungukaje meza kwa meza?"

Dorsey akaanza kuhesabu paleti. "Yote unayatoa kwa ngapi?"

"Elfu sita. Mkononi, leo."

Elfu sita ndiyo hela yote aliyokuwa nayo duniani, kaishonea kwenye bitana ya koti. Aliichanga miaka mingi anunue ubia katika saluni ya kinyozi ya binamu yake, azeeke akiitwa bwana kama watu wengine. Roho ikasita. Kisha akayatazama tena yale matofali, akayazidisha kwa hamsini kimoyomoyo, na tamaa ikamkanyaga.

"Una mkasi?" akauliza.

Jumapili mchana ukumbi wa zimamoto, uliokodiwa kwa karamu, ulijaa. Nyama ya ng'ombe inakatwa, chaza wanafunguliwa, gurudumu la bahati nasibu linazunguka. Dorsey akatua tofali mbele ya Bwana Cleophus Gaskins, mwenyekiti wa waliosoma Thornwick.

"Mzee wangu, shika historia yako! Limetoka ukutani Thornwick, wakibomoa."

"Wakibomoa nini?"

"Shule."

Mzee akaweka uma chini. "Kijana, geuka."

Dorsey akageuka. Dirishani, ng'ambo ya barabara, Thornwick imesimama nzima, kuta zote nne, mafundi wamefunga majukwaa yao na kuezeka paa jipya. Hakuwahi kufika hapo. Mkaguzi wa bandia hapiti palipo na wa kweli.

"Tulikodi mabasi hadi Annapolis," mzee akasema. "Tukakaa kwenye vikao vyao mpaka makalio yakafa ganzi, wakaandika: ndani mfanye mtakavyo, kuta za Thornwick zisiguswe. Imo kwenye sheria, bwana. Hukuisoma?"

Dorsey akaona giza. Saluni, ubia, uzee wa heshima, vyote vimekwenda. Meza ya pembeni, Wanda alikuwa akifyonza chaza.

"Umeniibia!" akamfokea kwa kunong'ona.

"Ita polisi, mpenzi. Na mimi niwaeleze ile foleni yako."

"Matofali ni ya wapi?"

"Kiwanda cha bia. Mazuri sana kwa jiko la nje."

Dorsey akaanza kunyata kuelekea mlangoni. Wanda akasimama juu ya kiti. "Jamani, mnamwacha aende? Huyu ndiye mkaguzi wa serikali! Kaniambia kwa kinywa chake!"

Gurudumu lilisimamishwa.

"Ohoo! Kumbe ni wewe!" Bwana Gaskins akamdaka kiwiko. "Lifti lini?"

"Na boila?"

"Vyoo vya wasichana, baba, vyoo!"

Walimzingira hadi akakosa pa kutokea. Jasho likimtiririka akaahidi lifti, akaahidi boila, akaahidi vyoo, na alipoona wanapiga makofi akaongeza bwawa la kuogelea. Wakamjazia sahani nyama, wakamsindikiza wakiimba wimbo wa shule.

Nje, Wanda akamweka sawa kola.

"Umesema vizuri, mpenzi. Sasa matofali yako uje uyatoe kesho. Yakilala zaidi, uani kwangu panalipiwa kodi."