Mali Namba Moja

Idara ya Kodi ya Urithi ina heshima kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna mwananchi atakayekufa bure. Natangaza hivyo mimi, Mthamini Daraja la Pili, niliyelisimamia jambo hili tangu mwanzo.

Mafanikio yalianzia kwa fundi seremala mmoja. Kodi hii hulipwa na mrithi, kwa thamani ya kila alichoacha marehemu. Fundi alikuwa mjanja: miaka kumi kabla ya kufa alimwandikisha mkewe nyumba na karakana, kwa kufuata sheria zote. Wanasheria huita hilo kupanga urithi. Sisi huliita utovu wa uzalendo. Alipokufa, tulikuta ana msumeno mmoja, tena butu.

Mkurugenzi aliwaka. "Mtu hafi na msumeno tu! Tafuteni!"

Nikatafuta. Nikaiona tanzia yake, imebandikwa na familia yenyewe kwenye mlango wa karakana: *Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na pengo lisilozibika.*

Ameacha. Neno la sheria, herufi kwa herufi.

Tulithamini siku hiyohiyo. Mjane: mmoja, hali nzuri, anafanya kazi. Watoto: watatu, bado wanakua, kwa hiyo thamani itapanda. Pengo lilitusumbua; kamati ilikaa siku mbili, ikaliweka kundi la machimbo, kwa kuwa halina mwisho. Hati ya madai ikatoka: mjane alipe ndani ya siku thelathini, la sivyo mlango wa nyumba utafungwa kwa nta ya lakiri.

Akaja na hati mkononi, vumbi la mbao kwenye kitambaa cha kichwa.

"Baba, hapa mmeandika mimi ni mali."

"Mali namba moja, mama. Hongera."

"Na hapa chini mmeandika mimi ni mrithi."

"Ndiyo."

"Yaani nimejirithi?"

Nikaitazama fomu. Jina moja likiingia safu ya mali na safu ya mrithi, fomu ni batili. Nikampeleka kwa Mkurugenzi.

"Mzee wangu," mjane akamwambia, "mimi nikiwa kabati, kabati linalipa kodi?"

"Kabati halilipi," alisema Mkurugenzi, ambaye hajawahi kushindwa na swali la sheria. "Hulipa aliyelirithi."

"Haya, mimi nimerithiwa na nani?"

"Mali isiyo na mrithi hurithiwa na Idara. Kifungu cha tisa."

"Basi nipokeeni, na watoto, na pengo. Tia sahihi hapo, nikapige randa. Kuna mtu anasubiri mlango wake, na nyumba yake haina subira kama ofisi zenu."

Mkurugenzi alitia sahihi kwa wino wa kijani. Alisema ni mara ya kwanza kwa Idara kumiliki machimbo. Nyumba ya mjane nikaifuta kwenye daftari la wadaiwa, nikaandika jina la mrithi mpya: Idara.

Siku thelathini za Idara kulipa zikaanza kuhesabiwa. Ada za shule za watoto watatu zililetwa kwa mwenye mali, pamoja na viatu vinavyohitaji soli. Idara iliiandikia Idara ikiomba kuongezewa muda. Idara ilikataa, kwa kukosekana kwa sababu za msingi.

Siku ya thelathini na moja nilichukua nta na muhuri, nikautia lakiri mlango wa ofisi ya aliyetia sahihi kwa niaba ya mrithi. Sauti ikatoka ndani.

"We! Una wazimu? Nimo humu!"

"Najua, mkuu. Kanuni zinahusu mlango tu."

"Fungua!"

"Maombi ya kufunguliwa huandikwa kwa Mkurugenzi."

"Mkurugenzi si ndiye mimi?"

"Basi mkuu, yatakufikia mapema."

Nikasikia droo ikivutwa, na kalamu ikianza kukwaruza.

Hadi jioni alikuwa amejiandikia barua tatu. Mbili alizikataa. Ya tatu aliirudisha, haikuwa na namba ya kumbukumbu.