Fahali Mmoja kwa Kompyuta ya Gemu

Kijana alisimama mbele ya kibanda cha Clifford pale Homa Bay, simu mkononi, akitazama picha ya kadi ya grafiki vile watu wengine wanavyotazama picha ya mchumba. Clifford alikuwa anakula mandazi. Aliyaweka chini. Mtu anayeitazama kadi ya grafiki kwa macho yale hana kinga, na Clifford hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa barabarani.

Nifiche nini? Clifford alikuwa tapeli. Nyumbani kwake ni Migori, lakini Migori walishamjua, kwa hiyo biashara aliifanyia Homa Bay, chini ya ngazi za jengo moja lisilokwisha kujengwa, penye kibao kilichosema INJINIA WA KOMPYUTA. Uinjinia wenyewe alijipa siku aliyonunua rangi ya kuandikia kibao. Ila siku hizo hakuwa tapeli wa furaha. Alikuwa na mapenzi, na mapenzi yalikuwa yamemfikisha pabaya.

Alimpenda Bhoke, binti anayeuza dawa za mifugo kule Migori mjini. Bhoke ni Mkuria, na baba yake, Mzee Mirumbe wa upande wa Kehancha, hakuwa mtu wa kupelekewa mahari kwenye bahasha. Ng'ombe walitajwa, na wote walikuwa wamepatikana, baada ya Clifford kuuza pikipiki na kumsumbua kila jamaa aliyewahi kula kwao. Wote isipokuwa mmoja. Fahali. Clifford alikuwa ameuliza kwa heshima kama thamani ya fahali haiwezi kutumwa kwa simu. Mzee Mirumbe akamjibu kwamba pesa hailii zizini. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa Jumamosi, na ujumbe ulikuwa wazi: bila fahali wasijisumbue kuja, maana kuna mwalimu wa Ntimaru ambaye fahali wake ameshaonekana akila majani.

Basi kijana akasema anaitwa Ken, na anataka kompyuta ya gemu, na pesa zake si nyingi. Clifford akamkaribisha kiti, akaanza mahubiri.

Alimweleza kwamba kompyuta ya gemu ni kama boma. Prosesa ndiyo mzee wa boma, RAM ni wake zake, ukiwaongeza kazi inaenda haraka lakini kelele nazo zinaongezeka. Na taa za rangi je? Taa, Clifford alisema kwa sauti ya kanisani, ndizo spidi yenyewe. Ya bluu inapooza, ya kijani inaokoa umeme, nyekundu ndiyo inayokimbiza. Mtu mwenye pesa kidogo aweke zote kwenye taa nyekundu.

Ken alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema yeye alielewa kwamba ukiwa na pesa kidogo unaanza na kadi ya grafiki, halafu prosesa inayolingana nayo, na sapulai ya umeme hununui ya mtumba, maana ikilipuka inaondoka na ukoo mzima.

"Nani alikwambia hayo?" Clifford aliuliza.

"Intaneti."

"Intaneti ina duka hapa Homa Bay?"

Ken alikubali kwamba haina. Clifford akaona mlango umefunguka, akafunua pazia.

Nyuma ya pazia palikaa Chambo. Hilo ndilo jina Clifford alilompa. Chambo alikuwa kompyuta ya kweli, kasha jeusi lenye ubavu wa kioo, na kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa halali, kwa maana ya kwamba kilikuwa kizima. Kadi ilitoka kwa mteja wa Rongo aliyeambiwa yake imeungua. Prosesa ilitoka kwa mchungaji mmoja. RAM zilitoka kwa watu mbalimbali waliokuja na nne wakarudi na mbili. Clifford alikuwa amemjenga kwa miaka, kipande kwa kipande, na Chambo naye ndiye aliyemlisha Clifford. Mteja anacheza gemu kwenye Chambo, anapagawa, analipa, halafu anafungiwa kwenye katoni kasha lingine, pacha wake kwa nje. Ndani ya pacha kuna mashine kuukuu ya ofisi, ubao wa redio uliopakwa rangi nyeusi ukijiita kadi ya grafiki, taa za Krismasi, na kipande cha tailisi ya sakafu cha kuongeza uzito. Mteja anajua akifika nyumbani. Nyumbani kuwa mbali ndiyo siri ya biashara.

Ken akacheza. Akapiga risasi watu wengi sana wa kwenye kioo. Clifford akamwacha anogewe, akatoka nje kumnunulia soda, akarudi akamkuta ameinama anaangalia chini ya kasha, eti anasikiliza feni. Akamuuliza ana kiasi gani.

Kiasi chenyewe kilikuwa cha kusikitisha. Ken akaona haya. Akasema baba yake amempa fahali auze kwa ajili ya masomo, na siku ya soko atampeleka mnadani Rodi Kopany, ila anaogopa madalali. Akaonyesha picha kwenye simu. Fahali mweusi, mnene, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, akitazama kamera kama mwenyekiti wa kamati.

Clifford alisikia joto likimpanda kutoka kwenye soksi. Alijilazimisha kukohoa kwanza.

"Madalali wa nini, kijana wangu?" akasema taratibu. "Wewe una fahali, mimi nina kompyuta. Mimi na wewe tunaelewana."

Ken akasema hakuwahi kufikiria hivyo. Clifford akamsamehe kwa kutofikiria. Wakapeana mikono, wakakubaliana wakutane Rodi siku ya soko, na usiku huo Clifford alimpigia Bhoke simu akamwambia Mungu ni mwema. Bhoke akasema ndiyo, na anaona yote.

Siku ya soko Rodi Kopany ng'ombe walikuwa wengi na wenye fimbo walikuwa wengi zaidi. Ken alikuwa amemfunga fahali kando, pembeni mwa lori, na kwa kweli fahali alikuwa mzuri kuliko picha. Clifford alimgusa nundu akasikia kama ameshapewa mke. Akamkabidhi Ken katoni kubwa iliyofungwa kwa gundi pande zote, akanyoosha mkono kuchukua kamba.

Ken hakumpa kamba. Alifungua katoni pale pale kwenye majani, akalaza kasha ubavu, akapitisha kidole chini yake, kwenye miguu ile midogo ya mpira. Alipapasa mguu wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha akalirudisha kasha kwenye katoni kwa upole.

Sasa nieleze, maana kuna watu wa mjini wanaosoma. Ukichagua ng'ombe mnadani ukatoka kidogo kwenda kutafuta pesa, ukirudi unaweza kukuta umefungiwa ndugu yake, anafanana naye kila kitu isipokuwa afya. Ndiyo maana waliokulia zizini hawaondoki bila kuweka alama. Mwingine anakata nywele za mkia, mwingine anampaka kinyesi mahali anapopajua yeye. Chambo hakuwa na mkia. Kwa hiyo wakati Clifford ameenda kununua soda, Ken alitoa wembe, akakata pembe ya mguu mmoja wa mpira, akaula ushahidi. Namaanisha aliutafuna kweli, kile kipande, kama ubani wa bazoka.

"Injinia," Ken akasema, "umeniletea ndugu yake. Mimi nilimchagua yule."

Clifford alianza kusema kuhusu toleo jipya. Akasema kuhusu kiwanda. Alikuwa katikati ya kusema kuhusu hali ya hewa Ken alipomkata.

"Fahali wangu ni yule yule wa kwenye picha. Sikukuletea binamu yake."

Palikuwa na mchuuzi aliyekuwa anasikiliza, akacheka, Clifford akamwangalia hadi akaondoka. Alitembea hatua chache akasimama peke yake, mikono kiunoni. Chambo ndiye aliyekuwa kazi yake. Bila Chambo kibanda kile kilikuwa ngazi tu. Angeweza kusema hapana, arudi Homa Bay, kesho aje mtu mwingine mwenye macho ya mgonjwa, na kesho kutwa mwingine. Na Jumamosi mwalimu wa Ntimaru amchukue Bhoke. Aliwaza Bhoke akimcheka mteja anayetaka dawa ya minyoo kwa mkopo, jinsi anavyofunika mdomo kwa kiganja. Roho ikamuuma vibaya sana. Akaita boda.

Waliomwona kwenye barabara ya Homa Bay mchana ule wanasimulia mpaka leo. Mwanamume mzima, nyuma ya pikipiki, amekumbatia kompyuta, analia waziwazi. Mwenye boda alidhani amefiwa, akapunguza nauli.

Kule Rodi, Ken alipapasa mguu wa mpira uliokatwa, akatabasamu, akatoa kamba. Alikuwa na mwanya katika meno ya mbele, na mwanya ule Clifford alikuwa ameuona mahali, lakini mtu aliyetoka kumzika Chambo hachunguzi meno ya watu.

Jumamosi wakafika kwa Mzee Mirumbe, Clifford ndani ya suti, na mjomba wake Nashon kama msemaji. Nashon alitoka kisiwa cha Takawiri na alikuwa na ulimi unaoweza kumuuzia samaki maji. Ng'ombe walikuwa wametangulia. Fahali alikuja wa mwisho, kwenye pikapu, ili aonekane vizuri.

Alionekana vizuri. Wakateremsha ubao, akashuka, hakumngoja mtu. Akapita katikati ya wazee, akazunguka ghala bila kuonyeshwa, akasukuma mlango wa zizi kwa paji la uso, pale pale palipolainika kwa kusukumwa, akaenda kwenye hori la mwisho na kunywa maji. Mbwa wa nyumbani akamfuata akitikisa mkia. Bibi mmoja alimwita kwa jina.

Nashon, ambaye hapendi kimya kiharibike bure, alisimama akasema hiyo ni ishara, kwamba katika maisha yake yote hajaona ng'ombe wa mahari aliyekubali ukwe haraka namna ile.

"Huyo ni fahali wangu," Mzee Mirumbe akasema.

Akaeleza, bila haraka, kwamba fahali huyo alitoweka siku chache zilizopita, na kwamba katika nchi ya Wakuria aliyefika na ng'ombe aliyepotea ni mmoja wa watu wawili. Ni mwizi au ni mwokotaji. Akamuuliza Clifford ni yupi kati yao. Wazee wakageuza viti.

Hapo mlango wa nyumba ndogo ukafunguka, akatoka Ken na sahani ya nyama. Mzee akamtambulisha: kijana wangu Byron, ndugu yake Bhoke, yuko chuoni Kisii, amekuja kusalimia wageni.

Byron na Clifford wakatazamana, na mwanya ule ulikuwa wa Bhoke. Clifford akimtaja Byron kuwa ndiye aliyemtoa fahali, Byron atataja kompyuta, na watu wa pale watauliza kuhusu yule pacha wa kompyuta. Byron hakuonyesha haraka yoyote. Alikuwa anatafuna. Clifford akafanya kazi aliyoisomea. Alisema alikuwa akipita Rodi, akaona fahali mikononi mwa mtu mwenye sura mbaya sana, moyo wake ukamwambia ng'ombe huyu ana heshima ya boma fulani, na hakuwa na amani hadi alipomkomboa kwa mali yake yote ili amrudishe. Alisema vizuri hivi kwamba Nashon alifuta machozi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Mirumbe akamshika mkono, akamwita mwana mwema, akatangaza kwamba fahali amerudi kwao na mkwe ameshukuriwa.

"Sasa wa mahari," akasema, "unamleta lini?"

Bhoke alimwita nyuma ya jiko. Alikuwa amevaa gauni jipya na hakuwa anacheka. Kutoka nyumba ndogo ya Byron zilisikika bunduki na mabomu, Chambo akiwa kazini, na kila mlio ulimchoma Clifford.

"Watu wa Homa Bay walikuwa wakija dukani kwangu kulia kuhusu injinia mmoja," Bhoke akasema. "Nikataka kujua mambo mawili. Kama wewe ni mwizi, na kama unanipenda."

Clifford akaanza kusema kuhusu hali ya hewa. Bhoke akamkata.

"Byron alinipigia simu akasema ulimpelekea kasha bandia. Nikamwambia arudi na fahali, hapa hakuna ndoa. Akasema ngoja, mtu wako amepanda boda. Akasema umerudi na ile ya kweli, umevimba macho." Sasa kiganja kilikuwa kimepanda mdomoni. "Na ungeweza kumuuza fahali pale pale Rodi ukaishia Tanzania. Nililala siku mbili bila usingizi, Clifford. Kama ungemuuza, ningekufa mimi."

Clifford aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mzee anajua.

"Baba ndiye aliyemfunga fahali kamba."

Clifford akakaa chini kwenye kuni, na suti yake. Familia nzima. Mzee wa watu, mvi zote zile, na ule mkono aliomshika. Alitaka kukasirika akakuta hasira haipo, kuna heshima tu, ile fundi anayompa fundi mwenzake.

"Mwizi nitamvumilia," Bhoke akasema, "kwetu hawajakosekana. Asiyenipenda ndiye sitaki. Lakini fahali utamleta, na umpate kwa kutengeneza kompyuta za watu zikapona. Nitakungoja."

"Na yule mwalimu wa Ntimaru?"

"Mwalimu gani?" akasema Bhoke. "Nenda ukale, nyama inapoa."