Tembo Mmoja, Punda Kumi na Mmoja

Jumamosi, 26 Aprili

Mabango yamefika! Mekundu kama nyanya, maandishi meupe: HUDOCK, DIWANI. Jina la kwanza sikuliweka. Hapa Harkness Gap, Pennsylvania, ukisema Hudock kila mtu anajua anazungumziwa nani. Yale ya zamani yalikuwa ya bluu. Bluu ina nuksi. Nimeshindwa nayo mara tatu.

Bernadine, mke wangu, alisimama mlangoni mwa banda la gari akayatazama. Banda hilo halijaona gari tangu nianze siasa. Limejaa mabango hadi juu. Kila majira ya baridi yeye hukwangua barafu kwenye kioo cha gari lake huko nje, na mimi humtia moyo kutoka dirishani. Leo katoa sharti. Eti nikishindwa safari hii tena, kila bango litoke, gari lake liingie. Nikasema sawa mama, kwani nani kakwambia nitashindwa?

Halafu akauliza habari ya kibao cha kusimamisha magari. Pale kona ya shule magari hupita kama yanafukuzwa, na mwaka juzi moja lilimgonga mbwa wetu Duke mbele ya macho yake. Anataka kibao kiwekwe kabla hajagongwa mtoto. Nimekiahidi katika chaguzi zote tatu. Nikamwambia kimo kwenye ilani. (Kumbuka: andika ilani.)

Jumapili, 27 Aprili

Balaa! Baada ya kanisa tulikwenda kununua pierogi, zile sambusa za kuchemsha, pale kituo cha zimamoto. Stosh kinyozi akaninong'oneza: Gail Rudnicki anagombea kwa tiketi ya Punda, chama chenye nembo ya punda. Gail! Mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mji aliifundisha kusoma, nusu nyingine aliifumania ikivuta sigara chooni. Hata leo mimi nikimwona nachomekea shati.

Mimi ni Tembo, wa chama cha pili, chenye nembo ya tembo. Katika mchujo wa Mei napambana na Tembo mwenzangu, Clifford Yost, fundi bomba, mtu asiye na mvuto wowote. Yost hanisumbui. Kinachonisumbua ni Novemba, Tembo aliyeshinda atakapokutana na Punda aliyeshinda. Gail atanisaga.

Lakini Punda wana mgombea wa pili! Mzee Elwood Fritz, ambaye husinzia kwenye vikao vya mji hadi mwenyekiti humfunika koti. Laiti wangemchagua huyo. Novemba ningemshinda hata akiwa macho.

Nimekula pierogi nyingi mno nikifikiri. Tumbo linauma, akili inafanya kazi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepata! Mimi ni hatari!

Katika jimbo letu, siku ya mchujo Tembo huwapigia kura Tembo tu, na Punda huwapigia kura Punda tu. Basi watu wangu wahamie Punda! Kwa mchujo huu tu. Wanampa Elwood kura, Gail anaanguka, Novemba wanarudi kunichagua mimi. Ni halali kabisa. Tena Punda wa mji huu ni wachache kiasi kwamba watu kumi na mmoja ni jeshi.

Nao ninao kumi na mmoja. Timu ya Bernadine ya bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe, na waume zao, pamoja na yeye mwenyewe. Jioni niliwakusanya jikoni nikawaeleza kwa vitu vya mezani. Kikopo cha chumvi ni Elwood, chupa ya tomato ni Gail. Wakatazama chupa, wakanitazama mimi.

Bernadine akauliza, "Yaani mume wangu, unataka mimi nihame chama?" Nikamjibu ni kwa muda tu, na isitoshe marehemu mama yake alikuwa Punda, ni kama kwenda kusalimia nyumbani. Akauliza kama nina uhakika. Akauliza tena. Kisha akaniomba nirudie polepole, wenzake wote wasikie, kwamba yeye asimpe Gail kura yake. Nikarudia. Wakaangua kicheko. Watu wenye ari namna hiyo utawapata wapi?

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya mwisho ya kuhama chama, na wote wamehama. Dada wa ofisi ya kaunti kamwuliza Bernadine kimewasibu nini Tembo wote hawa siku moja. Akajibu, "Mume wangu katutuma." Mwanamke mwaminifu yule.

Yost nilimkuta mlangoni mwa mgahawa akigawa tupa za kucha zenye jina lake. Wagombea wote wa huku hugawa tupa za kucha. Zake ni imara. Zangu wino wake haukukauka vizuri. Mama mmoja kanisani jana alijikuna na kutoka na HUDOCK shavuni. Nikamwambia anapendeza. Akaenda kunawa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemtembelea Elwood ili kumpa moyo. Kosa kubwa. Kumbe hajui kama anagombea! Alidhani alikuwa anasaini kuomba leseni ya mbwa. Nikamsihi asijitoe. Nikamwambia taifa linamhitaji. Alikuwa ameshalala.

Nilipokuwa natoka, Gail akapita na gari lake, akapunguza mwendo. Akaniuliza Tembo anatafuta nini kibarazani kwa Punda. Nikasema nimekuja kumjulia hali mzee. Akasema, "Chomekea shati, Merle." Nikachomekea!

Jumanne, 20 Mei

Siku ya mchujo.

Asubuhi ilikuwa tamu. Nilisimama nje ya kituo cha zimamoto, mbali na mlango kama sheria inavyotaka, nikigawa tupa. Bernadine na timu yake wakafika pamoja, wote na fulana zao za bolingi. Nikawakonyeza. Nao wakanikonyeza. Nikawaona kupitia mlangoni wakipewa karatasi za Punda, moyo ukaruka kwa furaha. Mimi nikapewa ya Tembo, nikajipigia kura, nikatoka kifua mbele. Nikamwonea huruma Yost, nikampa hata kahawa.

Milango ilipofungwa, matokeo yakabandikwa. Yost 64. Hudock 55.

Nikasoma tena. Nikafuta miwani. Nikasoma tena.

Nikasema haiwezekani, watu wangu wako wapi? Stosh akanishika bega. "Kaka, timu ya shemeji peke yake ingekupa kumi na moja. Ungempita Yost kwa mbili. Kwani leo hawakukupa?"

Wangenipaje? Walikuwa Punda! Niliwapeleka mwenyewe!

Yost akaja kunipa pole. Akaniwekea tupa yake mkononi, akaniambia nikae nayo, nitahitaji kitu cha kushughulisha mikono wakati huu wa maombolezo. Watu wakacheka sana. Nilitaka ardhi ipasuke.

Matokeo ya Punda sikutaka hata kuyaona. Stosh akanisomea kwa nguvu: Gail 8, Elwood 3, majina ya kuandikwa 11.

Majina ya kuandikwa! Mwisho wa karatasi ya kura kuna mstari mtupu. Kama humpendi yeyote, unaandika jina unalotaka. Kwa kawaida watu huandika jina la mbwa wao. Nikawaza: je, wamemwandika Duke?

Bernadine amepika vizuri leo. Hakuuliza habari ya matokeo. Hakutaja hata banda. Kuna kitu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeelewa! Nimeelewa kila kitu! Kumi na moja! Ni wale wale kumi na mmoja, na wameniandika MIMI!

Walipoliona jina la Elwood roho zao zilikataa. Wakakumbuka ni nani aliyewaita jikoni akawaeleza kwa chumvi na tomato. Ndiyo sababu walicheka siku ile. Walikuwa wanapanga kunishangaza! Maana yake nimewashinda Punda. Novemba nitapambana na Yost nikiwa Tembo mwenye tiketi ya Punda. Tangu mji huu ujengwe nani kafanya hivyo?

Nilimwambia Bernadine kwamba najua siri yao na nimeguswa sana. Akasema nisubiri kaunti ihesabu. Mnyenyekevu.

Nimeanza kuandika hotuba. Ilani bado.

Ijumaa, 23 Mei

Nilivaa suti. Nikaenda hadi kaunti na Stosh awe shahidi. Nikamwomba dada wa ofisini asome jina la mshindi wa Punda wa udiwani, Harkness Gap, kwa sauti.

Akasoma, "Hudock."

Nikaruka! Nikamkumbatia Stosh. Nikamkumbatia mzee mmoja aliyekuja kulipia leseni ya uvuvi. Dada akangoja nitulie, kisha akamalizia: "Hudock, Bernadine. Wewe ndiye mume wake? Mpe hongera."

Stosh aliendesha gari kurudi.

Nilimkuta Bernadine anakaanga vitunguu. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, na mimi mwenyewe nilimkataza mbele ya mashahidi asimpe Gail kura, na hakumpa. Elwood hata hajui anagombea nini. Basi mstari ulikuwa mtupu, na wenzake walishakubaliana tangu siku ile jikoni. Kisha akazima jiko.

"Kibao kile, Merle. Nimekingoja kwako chaguzi tatu. Sasa nitakwenda kukidai mwenyewe."

Nilijisikia vibaya. Kweli kabisa. Nilimkumbuka Duke, na Bernadine kapiga magoti barabarani na koti lake jipya, na mimi siku ile nilikuwa wapi? Nilikuwa nagawa tupa. Nikamwambia nisamehe mama. Akanipa sahani. Tulikula, na nikaona fahari juu yake ambayo sikujua niiweke wapi.

Jumapili, 25 Mei

Banda ni tupu. Nimeyatoa mabango yote kama nilivyoahidi, nikayapanga uani tayari kwa jalala. Bernadine akaja, akayapitia moja moja. HUDOCK, DIWANI. HUDOCK, DIWANI. Mekundu akayasukuma pembeni. Ya bluu, rangi ya Punda, chaguzi tatu nzima, akasema yanamfaa sana.

Timu ya bolingi ilikuja na nyundo. Mtaa mzima sasa umejaa bluu. Gail mwenyewe kaomba bango moja, kalisimika mbele ya nyumba yake. Yost kapita mara mbili na gari la mabomba, uso umemshuka. Nilijitolea kuwa meneja wa kampeni. Wote walikataa kwa pamoja, hata kabla sijamaliza sentensi. Nimepewa kazi ya kushika misumari.

Gari limeingia bandani. Bernadine alipiga honi humo ndani, kisha akacheka kama msichana.

Sasa nimekaa kibarazani nafikiri. Mpango wangu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa idadi! Nilihamisha watu kumi na mmoja tu. Kiti kingine kitakuwa wazi baada ya miaka miwili, na Yost ana Tembo sitini na nne. Je, nikiwashawishi wote wahamie Punda? Wote! Mji mzima! Yost pamoja nao! Tembo nitabaki mimi peke yangu, na mchujo nitaushinda kwa kura moja.

Bernadine ameuliza nacheka nini huku peke yangu. Nimemwambia nafurahia banda.

Siri kubwa. Nitaanza na timu ya bolingi. Wale hunisikiliza sana.